Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele huanza kufa nyuma

Ukifungua mlango unaona dramu ya chuma kisichoshika kutu, safi na inayong'aa, na unaweza kudhani mashine nzima iko salama. Sehemu inayoamua umri wake huioni. Nyuma ya dramu kuna mikono mitatu, mara nyingi ya alumini, iliyoungana kwenye shafti. Shafti hiyo inapita kwenye ukuta wa tangi, yaani chombo cha nje kinachoizunguka dramu na kushika maji, na kushikwa na beringi mbili. Kinachozuia maji yasizifikie beringi ni sili moja ya mpira, basi.

Sili ikichoka, maji ya sabuni huingia na kuosha grisi, beringi hushika kutu, na mashine huanza kunguruma inapokamua. Beringi zenyewe ni za bei ndogo. Tatizo ni kwamba tangi la mashine nyingi za sasa limegandishwa kiwandani na halifunguki, kwa hiyo fundi anakuambia ununue tangi zima. Ndiyo maana nasisitiza mambo yanayoilinda ile sili na ile mikono kuliko kung'arisha bodi.

La kwanza ni sabuni, na hapa ndipo mashine nyingi zinapoharibiwa. Mashine ya aina hii hutumia maji machache. Nguo hazisafiki kwa kuelea, husafika kwa kunyanyuliwa na dramu na kuanguka tena. Povu likijaa, nguo zinaangukia povu na hazijipigi ipasavyo. Pampu nayo inavuta hewa badala ya maji, na dramu inakosa kushika kasi ya kukamua. Baya zaidi, povu hupanda hadi nyuma ya dramu, hukaukia kwenye ile mikono mitatu na kuacha utando wa kijivu unaonata. Utando huo una alkali, na alkali huila alumini. Ukiongeza kwamba alumini hiyo imefungwa kwenye chuma cha aina nyingine na vyote viko ndani ya maji, ulikaji unakwenda kwa kasi. Mkono uliolika huanza na vishimo vidogo, na huweza kuvunjika katikati ya kukamua.

Tumia sabuni ya unga yenye povu dogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine. Sabuni ya kufulia kwa mikono haifai humu hata ukiipunguza, kwa sababu imetengenezwa itoe povu. Kwa maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi, na nguo zisizo chafu sana, anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha tazama kioo cha mlango katikati ya ufuaji. Povu likiwa ukanda mwembamba chini ya kioo, kipimo ni sawa. Likifika nusu ya kioo au zaidi, punguza. Usipunguze kupita kiasi pia: nguo zikitoka na weupe uliofifia au harufu ya mafuta ya mwili, sabuni haikutosha, na uchafu ulioshindwa kuondoka unabaki ndani ya tangi. Maji magumu yanahitaji sabuni zaidi.

Kama hujui hali ya mashine yako kwa sasa, iendeshe tupu kwa nyuzi 40, bila nguo na bila sabuni, kisha angalia kioo baada ya dakika kumi. Ukiona povu, hiyo ni sabuni ya zamani iliyolala ndani. Rudia mpaka maji yatoke bila povu.

Jambo la pili ni joto. Anayefua kwa maji baridi au nyuzi 30 siku zote, tena kwa sabuni ya maji, anawafuga vijidudu na ukungu ndani ya tangi, kwa sababu sabuni ya maji kwa kawaida haina kemikali ya oksijeni inayowaua. Mara moja kwa mwezi endesha mashine tupu kwa nyuzi 60 au 90, ukitumia sabuni ya unga yenye kemikali hiyo. Dawa ya klorini usiitumie kwa kazi hii: hula alumini, na ikizoeleka huacha alama hata kwenye chuma kisichoshika kutu.

Kama maji yako ni magumu, hita hujipaka gamba la chokaa na kuchelewa kupasha. Weka gramu 100 za asidi ya sitriki moja kwa moja kwenye dramu tupu na uendeshe kwa nyuzi 60. Usipande juu ya hapo, maana kwenye joto kubwa asidi hiyo na chokaa hutengeneza masalia mapya yasiyoyeyuka vizuri. Kila miezi mitatu hadi sita inatosha. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini: hutoa gesi yenye sumu.

Kila ukimaliza kufua, acha mlango wazi kidogo na droo ya sabuni ikiwa imevutwa nje. Kisha pitisha kidole ndani ya mkunjo wa raba ya mlango, hasa upande wa chini. Utakuta nyuzi zilizolowa, nywele, sarafu au pini. Chini kabisa ya raba huwa kuna vitundu vidogo vya kupitisha maji. Vikizibwa na nyuzi, maji hutuama hapo na ukungu mweusi huota ndani ya mpira wenyewe, na ukishafika huko hauondoki kwa kufuta. Raba iliyochanika ibadilishe, gundi haidumu. Sidiria zenye waya zifue ndani ya mfuko wa wavu, kwa kuwa waya hupenya kwenye matundu ya dramu na kwenda kukwama kati ya dramu na hita.

Chujio la pampu liko chini mbele, nyuma ya kifuniko kidogo. Chomoa umeme, subiri maji yapoe, weka sinia bapa na tambara, kisha legeza chujio taratibu kwa kulizungusha kinyume cha saa. Kama kuna kibomba kidogo pembeni, toa maji kwa hicho kwanza. Chujio likishatoka, mulika ndani kwa tochi na ujaribu kuzungusha panka la pampu kwa kidole. Linatakiwa lizunguke kwa kushtuka-shtuka, ni sumaku hiyo, lakini lisikwame. Fanya hivi kila mwezi au miwili. Kwenye mdomo wa bomba la kuingizia maji kuna kijichujio kingine: funga koki, fungua bomba, kitoe kwa plaizi na ukisugue kwa mswaki. Mashine inayochukua muda mrefu kujaa maji mara nyingi haina ugonjwa mwingine.

Kuhusu mtikisiko: kabla ya matumizi ya kwanza lazima boliti za usafirishaji zitolewe nyuma, kwa kawaida tatu au nne. Zitunze, utazihitaji ukihama. Weka pimamaji (kifaa cha kuonyesha kama kitu kimekaa sawa) juu ya mashine, rekebisha miguu, kisha kaza nati ya kila mguu dhidi ya bodi. Nati hizi zikisahaulika, miguu hujizungusha na mashine huanza kutembea. Nguo za pamba zijaze dramu mpaka ibaki nafasi ya kupitisha kiganja juu. Zulia dogo au blanketi zito likiwa peke yake ni baya kuliko mzigo kamili, kwa sababu linakaa upande mmoja na kuzipiga beringi kwa kila mzunguko.

Kuzipima beringi ni rahisi. Mashine ikiwa tupu, shika ukingo wa juu wa dramu na uunyanyue. Dramu na tangi vikipanda pamoja kwa sababu ya springi, hakuna tatizo. Dramu ikicheza yenyewe ndani ya tangi, au ukisikia mkwaruzo unapoizungusha polepole kwa mkono, beringi zimeanza kwenda. Ukikuta michirizi ya kahawia nyuma ya tangi, basi sili imeshapitisha maji.

Ukifika hapo, usiendelee kufua kwa matumaini. Kila mzigo unaoongeza unachimba shafti pale sili inapokaa, na shafti iliyochimbika hupitisha maji hata ukiweka sili mpya. Kama tangi lako linafunguka, badilisha beringi zote mbili pamoja na sili, na paka grisi isiyoyeyuka kwa maji kwenye mdomo wa sili kabla ya kurudisha dramu.