Jinsi nilivyoacha kuuza chuma chakavu kwa bei ya kutupa

Mpanda ni mbali na Dar es Salaam, zinakoyeyushwa skrepa kuwa nondo. Mnunuzi aliyekuja na fuso alilijua hilo, akawa anatupangia bei moja kwa mzigo wote, kopa (shaba nyekundu) na sufuria mbovu humo humo. "Nauli ya kufika huku unaijua, kaka?"

Nilianzia kwenye mizani yake. Nilitundika mfuko mpya wa saruji wa kilo 50, mshale ukaishia 43. Sikugombana naye, nilinunua mizani yangu.

Kisha sumaku, niliyoing'oa kwenye spika iliyokufa. Kikinasa, ni chuma, kinaenda rundo la bei ya chini. Kisichonasa nakwangua kwa tupa: chekundu ni kopa, cha njano ni brasi, cheupe chepesi ni aluminiamu. Boliti za chuma zilizobaki kwenye aluminiamu nazing'oa, maana zikibaki mnunuzi anashusha bei ya kipande chote. Waya nachuna kwa kisu. Nilikuwa nachoma, kopa inatoka nyeusi na bei inaanguka. Za umeme wa gridi na vyuma vya reli sigusi, ni kesi hizo.

Kilichobaki ni nauli. Malori yanayoleta saruji na soda, nje ya msimu wa mavuno, hurudi matupu. Tukaunganisha mizigo wanne, tukaongea na dereva atupelekee Dar, kwa ruhusa ya tajiri wake. Yule wa fuso bado anapita. Siku hizi anauliza bei yetu kwanza.