Nilipima Bomba, Sikupima Maji

Mwaka 2009 nilikuwa na miezi minne tu kazini, kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara pale Igogo, Mwanza. Valvu inayoingiza maji ya ziwa kwenye tanki la kutibu ilikufa, nikaambiwa niagize nyingine. Nikapima bomba: inchi tatu. Nikaagiza valvu ya inchi tatu. Nani angebisha?

Tangu tuifunge, tanki halikutulia. Valvu inafunguka kidogo, maji yanajaa, inajifunga kwa kishindo, maji yanashuka, inafunguka tena. Usiku kucha bomba linagonga kama mtu aliyefungiwa stoo. Nikailaumu kontrola, kile kifaa kinachoiamuru valvu ifunguke au ijifunge, nikaichokonoa mpaka nikachoka. Mwezi wa tatu tukaifungua ile valvu: kiti chake, pale inapokalia ikijifunga, kilikuwa na michirizi, chuma kimeliwa na maji yenye mchanga yaliyokuwa yakipenya kwa kasi kwenye upenyo mwembamba.

Fundi wetu mmoja, mzee aliyekaribia kustaafu, akachungulia.

"Injinia, ulipima bomba au ulipima maji?"

(Hilo "injinia" lilikuwa tusi, nalijua.)

Akachukua chaki, akachuchumaa. Maji tunayohitaji: mita za ujazo 18 kwa saa. Geji ya presha kabla ya valvu inasoma bar 3.25, ya baada yake bar 1. Tofauti, 2.25.

"Kipeuo chake cha pili?"

"1.5, mzee."

"Gawa."

18 kwa 1.5 ni 12. Hiyo ndiyo Kv: mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa tofauti ya presha ikiwa bar 1.

"Haya, soma kibati cha valvu yako."

Kv 100.

Nikanyamaza. Valvu ile uwezo wake ulipanda sawasawa na ufunguzi, kwa hiyo ilikuwa ikifanya kazi kwenye asilimia 12 tu, imekaribia kulalia kiti chake, mahali ambapo ikisogea kidogo ni mafuriko. Nilikuwa namnywesha mtoto uji kwa karai.

Tukaagiza ya inchi moja na nusu, Kv 16, tukaweka redyusa, vipande vya kuunganisha bomba pana na jembamba, huku na huku. Ikatulia kwenye asilimia 75, tanki kimya.

Bosi alipopita akasimama, akaweka kiganja kwenye bomba, kisha kwenye valvu.

"Bomba lote hili, mmeliwekea kidude hiki? Nani kapima?"

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama ziwa.