Stelingi ngumu baada ya kubadilisha kingpini
Madereva wa Fuso hii iwafikie. Nimebadilisha kingpini (ile pini nene ambayo tairi la mbele linageukia) na bushi za mbele (mikebe inayoishika hiyo pini) hapa Masasi kabla msimu wa korosho haujachanganya, gari ikatoka gereji stelingi ngumu balaa, ukikata kona hairudi mpaka uirudishe mwenyewe, nimeshuka nayo mpaka Mtwara mabega yote yanauma. Kila mtu ananambia pampu ya stelingi imekufa, mwingine eti ninunue stelingi boksi nzima, watu kwa kummalizia mwenzao hela hamjambo 😅

Fundi mmoja mzee kule Mikindani wala hakugusa pampu. Kapiga jeki ekseli ya mbele matairi yote yakaning'inia, akachomoa tairodi (inayounganisha matairi mawili ya mbele) na ile rodi inayotoka stelingi boksi, akanambia haya zungusha tairi kwa mkono. La kulia linaenda kwa shida, la kushoto ndo kabisaaa, wakati usukani wenyewe unazunguka kwa kidole. Yani pampu haina kosa, kinachobana ni kingpini. Kufungua, bushi zimegongwa na nyundo zikaingia bila kupitishwa rima (kifaa cha kuchonga tundu la bushi lilingane na pini), shimu (vile vibati vyembamba vya kuziba nafasi) zimejazwa mpaka beringi ya chini haina pa kupumulia, na tundu la bushi halijalingana na nipo (kile kichuchu cha kuingizia grisi) so grisi hata haipiti!

Akapitisha rima, akapunguza shimu, akapiga grisi gari ikiwa bado juu ya jeki maana ikishakaa chini uzito unaibana beringi grisi haiingii vizuri. Sahivi nakata kona kwa mkono mmoja, imebaki kupima alaimenti tu.