Amplifaya ya shilingi 5,500 na santuri za Mzee

Mzee wangu alipotutoka, ndugu zangu waligawana ng'ombe, mimi nikaachiwa spika. Sikunung'unika. Zilikuwa mbili, za mbao, urefu wa kufika kiunoni, pamoja na gramafoni na katoni mbili za santuri: rumba za Kongo na benga, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizorekodiwa Kericho miaka ya sabini. Amplifaya yenyewe haikuwepo. Radi iliiua kitambo kule nyumbani kwa Mzee, Seme, naye hakununua nyingine.

Nilivipakia vyote kwenye Probox hadi nyumba ninayopanga Migosi, hapa Kisumu, nikajitengea shilingi 12,000. Hiyo ndiyo iliyobaki baada ya karo. Nilichotaka nilikijua kwa masikio tu, maana nilikulia ndani yake: besi inayozunguka chumba bila kukupiga kifuani, mwimbaji anayesikika kama ameketi kwenye kiti kile pale, na gitaa la juu linalometameta bila kukwaruza meno. Sauti yenye joto. Nilidhani joto hilo ni kitu kinachowekwa ndani ya amplifaya kiwandani, kama sukari kwenye chai, na kwamba kazi yangu ni kutafuta iliyowekewa nyingi.

Kwa hiyo nikaanza na kosa. Katika duka moja mjini nilinunua amplifaya mpya ndogo, saizi ya kitabu cha hesabu cha darasa la nane, yenye taa za buluu na maandishi makubwa: wati 500. Shilingi 2,800. Nilipoweka santuri ya kwanza, nusura nilie, na si kwa kumkumbuka Mzee. Besi haikuwepo kabisa. Waimbaji walikuwa kama wanaimbia ndani ya mkebe. Nikachomeka simu nijaribu, nikaongeza sauti, ikaanza kuchana masikio. Mama watoto akachungulia kutoka jikoni akauliza kama hiyo ndiyo ile sauti niliyomsifia miaka yote.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee pale Kondele, ambaye kila mtu humwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, nami nikamwita hivyo hivyo. Nilimpelekea gramafoni na kile kimashine.

"Mwalimu, gramafoni umeichomeka wapi?"

"Hapo, Jaduong'. Tundu ni moja tu."

"Basi hujasikia santuri bado. Umesikia nusu yake."

Akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema ningebaki na 2,800 zangu. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi na sauti za juu huongezwa, kwa sababu besi ikichongwa jinsi ilivyo mifereji ingekuwa mipana mno, nyimbo zisingetosha na sindano ingeruka. Wakati wa kupiga, lazima pawe na sakiti ya kugeuza mambo: kurudisha besi, kushusha za juu, na kukuza ule umeme mdogo sana unaotoka kwenye sindano. Amplifaya za zamani zina tundu lake, limeandikwa PHONO. Kimashine changu hakikuwa nalo. Nilikuwa nimemlaumu mwimbaji bure.

Kisha akageuza kiadapta cha umeme akanionyesha maandishi: volti 12, ampea 2. "Wewe si ndiye mwalimu? Zidisha." Wati 24. Hizo ndizo zinazoingia. Zitatokaje 500? Na kule kuchana masikio nilipoongeza sauti, akasema, si tabia ya kifaa bali ni kulemewa. Amplifaya ikiishiwa nguvu hukata vilele vya mawimbi ya sauti vikawa bapa kama meza, na hapo ndipo zinapozaliwa zile sauti kali ambazo hazimo kwenye wimbo. Ili kunithibitishia, alichomeka simu yake badala ya gramafoni, akakiunganisha kimashine kwenye pawasaplai kubwa ya volti 24 aliyokuwa nayo mezani. Kikaimba vizuri tu. Sikukitupa, binti yangu anakitumia na simu.

Nilimuuliza kuhusu amplifaya za valvu, zile zenye vioo vinavyowaka ndani, maana nilisikia ndizo mama wa joto. Akacheka. Ni kweli valvu huongeza juu ya kila noti sauti ndogo ya oktavu ya juu ambayo sikio huipenda, lakini kwa 12,000, akasema, nitapata valvu moja na picha ya zilizobaki.

Wati ngapi basi? Nyuma ya spika za Mzee pameandikwa desibeli 90 kwa wati 1, desibeli zikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Yaani wati moja tu inakupa desibeli 90 ukiwa mita moja mbali. Wati 20 zinakupa 103, ambazo katika sebule yangu ni kesi kwa chifu. Na ukiongeza kutoka 20 hadi 40, unapata desibeli 3 tu zaidi. Tangu siku hiyo niliacha kusoma wati nikaanza kusoma uzito. Jaduong' hubeba amplifaya mkononi kabla hata ya kuiwasha: transfoma nzito haiwezi kuigizwa.

Jumapili tatu nilizunguka soko la Kibuye, kule vyombo vya mitumba vinapotandazwa kwenye turubai pamoja na pasi na thamosi. Jumapili ya kwanza niliipenda moja ya fedha, yenye vishale vinavyocheza, nikaishika kama mtoto. Kumbe nyuma imeandikwa volti 100. Ilitengenezwa kwa soko la Japani. Ukiichomeka kwenye 240 yetu utaona moshi kabla hujasikia wimbo, na transfoma ya kushusha umeme ingenila pesa zilizobaki. Nikairudisha, roho ikiniuma. Jumapili ya pili ilinyesha, sina la kusema.

Jumapili ya tatu nikakuta NAD 3020, rangi ya kijivu kilichochoka, isiyovutia hata kidogo. Jina hilo Jaduong' alikuwa amenitajia. Ilitoka mwaka 1978, ikasanifiwa na raia wa Norway, Bjørn Erik Edvardsen, wati 20 tu kwa kila upande, na iliuzwa kama amplifaya ya mtu wa kawaida. Ina tundu la PHONO, na nyuma ina swichi ya kuifanya izungushe vile vilele vya mawimbi badala ya kuvikata bapa inapolemewa. Yaani ugonjwa ule ule ulionitesa Migosi, mtu alishaufikiria nikiwa sijazaliwa.

"Hiyo inawaka tu, haiimbi," kijana akaniambia bila kunificha. "Nipe 8,000, fundi ataimalizia."

Nikasogea kando, nikampigia Jaduong'.

"Angalia nyuma. Kuna vipini viwili vya chuma vinavyounganisha matundu?"

"Hakuna. Matundu yako wazi."

"Nunua na unyamaze."

Katika mashine hiyo, sehemu inayoandaa sauti na ile inayoisukuma zimetenganishwa, na vipini hivyo ndivyo daraja. Vikipotea, inawaka vizuri na kukaa kimya kama bubu. Tulishindana bei mpaka mawingu ya kutoka ziwani yakanisaidia. Kijana hakutaka kuloweshewa mali. 5,500. Mpaka leo najiuliza kama ningemwambia. Sikumwambia.

Jaduong' alikunja vipande viwili vya waya mnene wa shaba, akavichomeka, mashine ikaimba pande zote mbili. Hakuniruhusu kuondoka nayo. Kwanza alipima kwa mita penye nyaya za spika, bila spika: milivolti 18 upande mmoja, 23 upande wa pili, kidogo tu, akaridhika. Umeme mnyoofu, kama wa betri, ukitoka hapo kwa wingi, koili za spika huungua, na spika za Mzee hazina mbadala. Akapulizia dawa kwenye vinobu vilivyokuwa vikikwaruza, akabadilisha kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kutunza umeme, zilizokuwa zimevimba vichwa. Kapasita 900, kazi yake 1,500. Nilizobakiwa nazo, 1,300, zilienda kwenye kifaa cha kulinda friji, maana stima ya kwetu ikipotea hurudi na hasira.

Nikaifunga sebuleni jioni hiyo. Ilikuwa nzuri. Haikuwa ya Mzee.

Hilo lilinisumbua wiki nzima, mpaka mama watoto aliponikumbusha nyumba ya Seme ilivyokuwa: makochi yenye vitambaa, mapazia mazito, mikeka, magunia ya mahindi pembeni. Sebule yangu ni vigae sakafuni na kuta tupu; ukipiga kofi linakurudia. Tukatandika kapeti alilokuwa ameliweka kwa ajili ya wageni, pazia nene likaja mbele ya dirisha, nami nikazivuta spika kutoka kwenye kona ambako besi ilikuwa ikivimba. Kazi hiyo ilibadilisha sauti kuliko kapasita zote. Usiku watoto wakilala ninabonyeza kitufe cha LOUDNESS, kwa sababu sikio hupoteza besi sauti ikiwa chini, na gitaa la Mzee linazunguka chumba.

Sasa Jaduong' ameitazama sindano ya gramafoni kwa kioo chake cha kukuzia na kusema imechakaa, inakula santuri. Mpya ni ya kuagiza Nairobi, na bei aliyonitajia inaikaribia ile ya amplifaya. Mama watoto bado sijamwambia.