Karura na mbwa: kamba, maji na kupe

Anayetaka kutembea msituni jijini Nairobi akiwa na watoto na mbwa kwa pamoja hana chaguo nyingi. Nairobi National Park iondoe kwenye hesabu: mbuga za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hazipokei mbwa wa nyumbani, na si ukali wa bure. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa, uliua simba wapatao 1,000 kule Serengeti, kama theluthi ya simba wote wa eneo lile, na mbwa wa vijiji vya kando ndio waliotajwa kuwa chanzo. Milima ya Ngong ni wazi, ina upepo, kivuli ni haba, na ng'ombe na mbuzi wa wenyewe wanachunga mle mle. Mbwa asiyezoea mifugo atakutia aibu na gharama. Inabaki Karura, zaidi ya hekta 1,000 za msitu, ule ule ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea Januari 1999. Mbwa anaingia, mradi yuko kwenye kamba.

Na kamba haifunguliwi. Hapa ndipo hukosea hata wenye mbwa watiifu, tena wao zaidi. Utii wa uani si utii wa msituni. Mle ndani kuna mbawala, paa wadogo, nguruwe mwitu, nungunungu na kima, na mbwa akishika harufu ya mbawala aliyepita alfajiri, jina lake halisikii tena. Mbawala dume akibanwa kwenye ukingo wa mto haendelei kukimbia. Anageuka, anainamisha kichwa, na pembe zile zinaingia tumboni mwa mbwa kama mkuki. Akiponea hapo, kuna uzio wa umeme unaozunguka msitu. Mbwa aliyeugusa kwa pua hutimua mbio asikojua, na kumtafuta ni kazi ya siku nzima.

Nunua kamba bapa ya mita 1.5 hadi 2, ya ngozi au nailoni nene. Zile za kujikunja ndani ya kishikio zenye mita tano au zaidi ziache dukani: uzi wake mwembamba hukata vidole na miguu ya watoto, na baiskeli ikitokea kwenye kona hakuna atakayewahi kuukunja. Namna ya kushika ni hii. Pitisha dole gumba ndani ya kitanzi, funga ngumi, kisha mkono wa pili ushike kamba nusu mita mbele. Usijiviringishie mkononi, mbwa wa kilo 35 akiruka ghafla atakuvunja kifundo au kukuburuta. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko wa shingoni kwa anayevuta, lakini uwe umembana kiasi cha vidole viwili kupita. Ukilegea zaidi ya hapo, mbwa akirudi kinyumenyume anatoka kichwa kwanza, na wewe unabaki na mkanda mtupu.

Mtoto anataka kushika kamba, na hilo halina ubaya ukifunga kamba mbili: ya kwanza, iliyo fupi, mkononi mwa mtu mzima, ya pili, iliyolegea, mkononi mwa mtoto. Mbwa anayezidi nusu ya uzito wa mtoto asiachiwe mtoto peke yake hata kwa dakika moja ya kupiga picha.

Njia za Karura zina wakimbiaji na baiskeli, hasa Jumamosi na Jumapili asubuhi. Ukisikia kengele au matairi, toka kandoni, upande mmoja wote, si mtoto kulia na mbwa kushoto huku kamba ikikata njia. Fupisha kamba, mketishe mbwa, wewe simama kati yake na njia. Upande wa Sigiria, magharibi mwa Limuru Road, huwa na utulivu zaidi kwa mbwa ambaye bado anajifunza. Maporomoko ya maji na mapango ya enzi za Mau Mau yako upande mkubwa, na watu pia. Kuingia lipia kwa simu. Usitegemee noti mlangoni.

Sasa kinyesi, jambo linalowachanganya wengi, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye maeneo ya hifadhi, misitu ikiwemo, tangu 5 Juni 2020. Gazeti la zamani linatosha. Kata karatasi mbili mbili, zikunje mfukoni. Mbwa akichuchumaa telezesha gazeti chini yake kabla hajamaliza, kunja pembe nne katikati, tia kwenye mfuko wa kaki, kisha kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana. Mkebe unarudi nyumbani. Kutupa kichakani hakusaidii: mayai ya minyoo aina ya toksokara huhitaji wiki mbili hadi tatu udongoni ndipo yaweze kuambukiza, kisha hudumu miaka. Yaani kinyesi cha leo ukikiokota leo hakina neno. Cha mwezi jana ndicho mtoto anachochezea udongo wake. Tena usimwache mbwa atafune dundu wanaoviringisha mavi. Baadhi yao hubeba mnyoo anayejenga uvimbe kwenye koo la chakula la mbwa, nao umeenea sana Nairobi.

Saa ya kwenda ni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Nairobi inajisifu kwa ubaridi, lakini mbwa hatoi jasho kama sisi. Anapoza mwili hasa kwa kuhema, na wenye pua fupi kama bulldog na pug hata kuhema kwenyewe ni shida. Mbwa wa kilo 25 mbebee lita moja ya maji kwa saa mbili, kwenye chupa ya chuma, na bakuli jepesi. Mpe kidogo kidogo kila dakika 20, usimngoje alegee. Mito ya Karura inapendeza macho, ila inatoka kwenye makazi ya watu na kubeba yote yanayotupwa humo, pamoja na bakteria wa leptospira. Asinywe wala asioge. Kabla ya kutoka asile mlo mzima, hasa mwenye kifua kikubwa kama German Shepherd. Ngoja saa mbili baada ya kula.

Dalili za joto huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Ulimi unapanuka nchani kama koleo, mate yanakuwa mazito na ya kunata, anatafuta kivuli na kugoma. Hapo safari imekwisha, hata kama watoto hawajaona maporomoko. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mlaze kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, mapajani na kwenye nyayo, mpepee kwa kofia, huku mwenzako akipiga simu kwa daktari wa mifugo. Usimfunike kwa taulo iliyolowa ukaiacha juu yake, maana inageuka blanketi. Na asibaki ndani ya gari mkiwa mnakunywa chai: nje ikiwa nyuzi 24, ndani hufika 34 kwa dakika kumi tu, kioo kikiwa wazi kidogo au la.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Beba kadi, au picha yake kwenye simu. Kuna na zile za distempa na parvo, ambazo mtoto wa mbwa hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afike wiki 16. Kabla ya hapo, na wiki mbili baadaye, asikanyage ardhi ya msitu: kirusi cha parvo huishi udongoni kwa miezi mingi. Ukitaka azoee sauti na watu, mbebe.

Wakati wa mvua angalia siafu. Msafara ukikata njia, vukeni haraka bila kusimama. Mbwa akianza ghafla kuuma nyayo zake na kuzunguka, usisimame pale pale kumtazama. Kimbia naye hatua 20 au 30 kwanza, kisha mtoe siafu mmoja mmoja kwa vidole, katikati ya vidole vya miguu, kwapani na masikioni. Maji hayawaondoi. Kiwiliwili kinaweza kukatika na taya zikabaki, basi zikwangue kwa ukucha. Kiangazi angalia vishonanguo: hung'ang'ania manyoya, na mbegu ikizama kati ya vidole hutengeneza jipu. Kima wao wanataka chakula chenu tu. Kuleni mbali na miti yao, na msimwache mbwa awabwekee kwa karibu, kwa kuwa meno ya kima dume ni marefu kuliko unavyofikiri.

Halafu kupe, ambao ndio hasara kubwa ya msitu huu kwa mbwa wa Nairobi, kuliko nyoka na mbawala kwa pamoja. Kinga ya kila mwezi, ya kidonge au ya kudondosha shingoni, ipewe kwa uzito halisi wa mbwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse. Watu huipima kwa jicho, na mbwa analala siku mbili akitapika. Hata akiwa na kinga, mkague siku ile ile, kabla hajaingia ndani. Anza masikioni, ndani ya mkunjo wa nje, kisha chini ya mkanda wa shingo, kope, kwapani, kati ya kila kidole, kinenani, na chini ya mkia. Pitisha vidole kinyume cha manyoya, polepole. Kupe mdogo huhisika kama punje ya mtama iliyogandia ngozini.

Mshike kupe kwa kibanio chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, si tumboni kwake. Vuta moja kwa moja, taratibu, bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti, kwani kupe anayesumbuliwa hutapika ndani ya kidonda, na humo ndimo vijidudu vilimo. Mtie kwenye kichupa cha spiriti, safisha kidonda. Babesia, mmoja wa vijidudu hivyo, kwa kawaida huhitaji siku mbili au tatu za kupe kunyonya ndipo imwingie mbwa, kwa hiyo ukaguzi wa jioni hiyo unaokoa. Erlikia, kijidudu kingine cha kupe, hupita kwa saa chache tu, ndiyo maana ukaguzi peke yake hautoshi bila kinga.

Andika tarehe ya matembezi kwenye kalenda na mwangalie mbwa kwa wiki tatu. Kila asubuhi inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole, uachie: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zikiwa nyeupe, mkojo ukiwa kama strungi, yaani chai isiyo na maziwa, damu ikitoka puani, au akiacha chakula huku mwili ukichoma, mpeleke kwa daktari siku hiyo, si kesho, na umwambie tarehe mliyokuwa msituni.