Kanga za vijembe: zikae mbele ya duka au ndani? Nilivyofanya mimi

Kila nikikaa na wenzangu wa biashara ya kanga nasikia ushauri wa aina mbili tu, na zote mbili zimeshanitia hasara. Wa kwanza, "biashara ni biashara shoga, kinachotoka ndio kiweke mbele". Wa pili, "achana kabisa na maneno makali, uza za mama na za Mungu utakaa kwa amani". Wanaosema hivo wengi hawajawahi kufungua mlango saa moja asubuhi na kuamua doti ipi, yaani jozi ipi ya kanga, itundikwe nje na ipi ibaki ndani. Mimi nimefanya kazi hiyo miaka sita sasa, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Sisi ni kikundi cha wanawake kumi, tuko Tanga, Ngamiani, tumekodi fremu moja yenye mlango mpana. Watoto wa shule wanapita hapo, waumini wanapita hapo wakienda swala, na ng'ambo ya barabara, kama hatua kumi na tano hivi, kuna nyumba ina baraza na jirani yetu hukaa pale kila jioni. Mimi ndio nilipewa kupanga mbele kwa sababu wenzangu wanasema nina jicho la rangi, na kweli ninalo.

Mzigo tunafuata Dar, Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, tunachukua kwa korija, yaani doti ishirini ishirini. Sasa kule kwenye jumla hupati nafasi ya kusoma kila jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, unabanwa huku na huku, jamaa anakufunulia pindo mara moja anakunja anakuuliza unachukua ngapi. Safari ile nikapenda korija moja nyekundu na nyeusi, mji wake, ile sehemu ya katikati, umejaa michoro ya korosho kubwa kubwa, nikalipa nikafunga mzigo nikapanda basi. Jina nilikuja kulisoma vizuri nyumbani. UTAMALIZA MABUCHA NYAMA NI ILE ILE.

Anayejua Kiswahili hahitaji kuelezwa, anaambiwa mwanaume anayehangaika huku na kule. Nikacheka, wenzangu wakacheka, nikaitundika katikati kabisa ya kamba ya mbele. Ilitoka! Siku nne zimeondoka doti tisa, bei yetu wakati ule ilikuwa kumi na kitu, wengine nawapunguzia, hela ya kodi ya fremu nikaiona kabla mwezi haujafika nusu. Nikajiona nimepatia.

Ijumaa baada ya swala akaja jirani wa ng'ambo. Mumewe alikuwa ameoa mke wa pili mwezi ule ule na mtaa mzima unajua. Mimi pia nilijua! Ila kichwani mwangu vitu hivo viwili sikuwa nimevikutanisha. Hakupiga kelele, hakununa. Akasalimia, akauliza bei, akahesabu noti zake polepole juu ya meza, akaichukua ile doti kutoka kwenye kamba mwenyewe, akaikunja mara nne akailaza kwapani. Akaniambia, "Nimeinunua ili isinitazame tena." Akaondoka.

Na mimi, naandika hili nikiwa na uchungu mpaka leo, kesho yake asubuhi nikatundika nyingine. Kamba ilikuwa na pengo katikati, mzigo upo, mkono ukaenda wenyewe. Saa kumi jioni akaja tena. Akanunua ya pili. Safari hii hakusema kitu, alinitazama tu, na alipovuka barabara nikakaa kwenye kigoda miguu imeisha nguvu. Ilinichukua doti ya pili kuelewa kwamba yule mama analipa hela yake ya chakula ili tumnyamazie.

Tukaitisha kikao. Wengine wakasema zote za vijembe zirudishwe Dar, wengine wakasema mbona kila mtu anauza, sisi ni nani. Mwenyekiti akakata shauri, mbele zikae za mama, za dini na za sikukuu tu. Nikatii. Nikatundika HAKUNA KAMA MAMA, nikatundika WEMA HAUOZI, nikatundika za kuombeana dua. Biashara ikapoa vibaya, maana mtu akishamnunulia mama yake moja atarudi lini? Ila hasara siyo iliyonishangaza. Wiki ya tatu akaja mama mmoja amefura, alikuwa anadaiwa na mwenzetu wa kikundi pesa za muda mrefu, akatuambia tunamsema. Tunakusemaje mama? Akanyoosha kidole, WEMA HAUOZI. Alikuwa ameisoma kama salamu yake mwenyewe, kwamba alitendewa wema akauozesha. Na mbaya zaidi, baadaye nikaja kujua yule mwenzetu anayemdai ndiye alinisaidia kutundika siku ile, na akachagua mahali.

Hapo ndipo ushauri wa "uza za Mungu tu" ulikufa kwangu. Maneno matamu yana meno vilevile yakielekezwa kwa mtu.

Sasa nieleze jaribio langu lililoharibika, maana kuna watu bado wanalifanya. Nikafikiri, kinachouza kwa mbali ni rangi na mji, jina mtu analisoma akishasogea. Kwa hiyo nikizitundika za vijembe kichwa chini, rangi itaita na jina halitasomeka. Nikatumia asubuhi nzima, nikazigeuza zote, vibanio juu kwenye pindo la chini, nikasimama barabarani nikajipongeza. Mpaka saa nane mchana shule ilipotoka. Mtoto wa kwanza akasimama akapinda shingo. Wa pili naye. Wa tatu akashika magoti akaangalia kwa chini ya mkono wake. Watu wazima wakipita wakaona watoto wamejikunja nao wakasimama kuangalia kuna nini. Halafu kuna kijana mdogo, darasa la pili au la tatu hivi, ndio kwanza anajua kusoma na anapenda kusoma, akalala chali kwenye benchi letu begi limemning'inia, akaanza kwa sauti ya darasani, silabi kwa silabi, "U-ta-ma-li-za... ma-bu-cha..." Kila silabi barabara nzima inasikia. Nilikimbia kutoka ndani na mikono yangu miwili nikaikumbatia ile kanga nikaivuta chini na vibanio vikaruka. Nilipoinua macho jirani yuko barazani kwake, amekaa, anasikia kila kitu. Usigeuze kanga kichwa chini. Maandishi yaliyogeuzwa yanasomwa na watu wengi kuliko yaliyonyooka.

Jioni ile nikaenda kwa bibi mmoja wa kikundi chetu, ni mkubwa kuliko sote, alikuwa mshabiki wa taarab toka ujana wake, enzi za Black Star na Lucky Star hapa hapa Tanga. Nikamwamkia, nikamweleza. Akafungua sanduku akanitolea kanga zake, za Urafiki, kile kiwanda kilichofunguliwa Dar 1968, na chini kabisa kipande kimoja cha mama yake, kimepauka, jina lake kwa herufi za Kiarabu. Akaniambia kanga zilianza kusema kabla sisi hatujazaliwa, maandishi ya mwanzo yalikuwa ya Kiarabu namna ile, na Mombasa kuna nyumba ya biashara ya kanga ya toka 1887 ambayo nembo yake, Mali ya Abdulla, kila mtu anaijua. Nikamwambia bibi mimi nataka kuacha kuuza vijembe. Akakataa kabisa. Akasema, mwanangu, kuna mwanamke hawezi kumjibu mama mkwe wake, hawezi kumjibu mumewe, anajifunga kanga anapita nayo mlangoni, ameshajibu na hajatukana mtu. Ukimnyang'anya hiyo unamwachia nini? Halafu akasema neno ambalo ndilo naendeshea duka mpaka leo: "Anayeivaa anasema lake. Ukiitundika nje wewe, umesema letu sote."

Basi, kesho yake nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mwanzo. Nikavuka barabara, nikapiga hodi kwa jirani, nikamwomba nikae pale barazani pake, pale pale anapokaa yeye. Akanipisha. Nikatazama duka letu. Kwa miaka yote nilikuwa nalitazama nikiwa nimesimama mbele ya mlango, na ukiwa mlangoni unaona rangi kwanza. Kutoka kule barazani, umekaa, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye jina, maana liko chini, ndani ya kile kisanduku chake, herufi kubwa, usawa wa macho kabisa. Kamba ya juu huwezi kuisoma. Kamba ya chini unasoma hata kama hutaki. Nikamwambia, dada, nisamehe, sikuwahi kukaa hapa. Akasema, "Nimekusikia." Hakuongeza.

Nikarudi nikashusha kamba zote. Mbinu niliyoipata ni rahisi mno na najivunia. Doti ikiwa bado haijakatwa, unaikunja juu ya kamba ili ile sehemu yenye jina iangukie upande wa ndani ya duka, na nje uache pindo la juu na mji. Aliye barabarani anaona rangi, anaona korosho, anaona jinsi pindo lilivyotulia. Aliye ndani ndiye anasoma. Kanga mpya ina wanga kwa hiyo mkunjo unakaa vizuri, ukiupiga na kiganja mara mbili hautaki hata kibanio, ila upepo wa kaskazi ukianza weka kibanio. Na nyekundu zigeuze kila siku mbili, jua la asubuhi linazipausha mstari.

Kilichotokea sikukitegemea. Wateja wakaanza kuingia! Zamani walisoma nje wakacheka wakapita. Sasa mtu anapenda rangi, anauliza "hii imeandikwaje?", namwambia ingia uisome. Anaingia, anazunguka, ukuta mzima unaongea naye, NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU, HASIDI HANA SABABU, UKILA NANASI TUNDA JINGINE BASI, anajichagulia linalomhusu yeye na moyo wake. Anakaa, anaomba maji, anatoa na ya moyoni. Ile korija ya mabucha iliisha, zilizobaki zote ziliuzwa ndani, bila hata mtu mmoja mtaani kujua nani kanunua.

Nje naacha doti mbili au tatu tu ambazo jina linaonekana, na hizo naziamua kila asubuhi. Kabla ya kutundika nauliza leo mtaani kuna nini. Kuna msiba? Za shangwe na za vijembe zote zinaingia ndani mpaka matanga yaishe. Kuna harusi? LEO NI SIKU YA SHANGWE NA VIGELEGELE inatoka, hata kama kuna mtu haipendi rangi yake. Mwezi wa Ramadhani nje ni dua tu. Na kuna sharti moja nililipigania kwenye kikao mpaka sauti ikakauka: aliye na ugomvi na mtu hapangi mbele wiki hiyo. Mwenzetu mmoja alikasirika, alitaka MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE ikae nje kwa sababu mke mwenzie anapita hapo kwenda sokoni. Nikamwambia nunua, nakupunguzia, jifunge upite nayo mara kumi kwa siku, mgongo ni wako. Ile kamba ya mbele ni ya watu kumi. Alinuna wiki mbili. Baadaye akanunua.

Watu wananiuliza kwa nini nisiweke tu kura, wengi wape. Tulijaribu, sitaki hata kuhadithia sana, tuliokaa ndani ya duka tulikuwa wengi kuliko aliyekaa barazani, kwa hiyo kila mara alishindwa bila hata kuwepo.

Jirani alikaa miezi kama mitatu hajakanyaga kwetu. Tunasalimiana, basi. Halafu siku moja akavuka akiwa na zile doti mbili kwenye mfuko, hazijakatwa, hazijapindwa, wanga wake bado unakwaruza. Nikataka kumrudishia hela yake yote, akakataa, akasema nataka kubadilisha. Akaingia ndani akazunguka peke yake, sikumfuata. Alikaa muda mrefu. Akatoka na moja ya manjano, na nyingine ya mama yake. Ile ya manjano tukaipeleka kwa fundi cherehani hapo pembeni ikakatwa ikapindwa saa ile ile, gharama nikalipa mimi.

Jumamosi aliifua. Akaianika kwenye kamba ya barazani kwake, akaivuta pande zote mbili ikanyooka, jina limetuelekea sisi wazi kabisa. Tulikuwa sita dukani siku hiyo. Tukaacha tulichokuwa tunafanya, tukasoma wote: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE.