Nusu saa ya matangazo ya jamii

Kwa miaka sita nilikuwa nikisoma matangazo ya jamii katika redio moja ndogo ya vijijini isiyoendeshwa kibiashara, na karibu kila mgeni aliyetutembelea kutoka vyombo vikubwa vya habari alituuliza swali lile lile: kwa nini nusu saa nzuri ya jioni, wakati ambapo watu wamerejea kutoka mashambani na redio nyingi zimewashwa, tunaitumia kusoma habari za mbuzi waliopotea, vikao vilivyoahirishwa na misiba? Nataka kulijibu swali hilo hapa kwa kirefu, kwa kuwa naamini kwamba nusu saa hiyo ndiyo redio yenyewe, na kwamba vipindi vingine vyote, hata vile nilivyovipenda zaidi, viliegemea mgongo wake.

Matangazo yalitufikia kwa kila njia. Mengine yaliandikwa kwenye ukurasa uliochanwa katika daftari la shule, mengine yalikuja kwa ujumbe wa simu, na mengine yaliletwa kwa mdomo na mtoto aliyetumwa. Yote yaliandikwa upya katika daftari moja kubwa: jina la aliyeleta, jambo lenyewe, mahali, siku, tarehe, saa, na mwisho sahihi yake au ya aliyepokea. Siku na tarehe tuliziandika zote mbili kwa makusudi, kwa sababu zisipolingana unajua papo hapo kwamba kuna kosa, na unampigia mwenye tangazo kabla ya kwenda hewani. Majina ya watu na ya vitongoji yaliandikwa mara ya pili pembeni, yakiwa yamegawanywa kwa silabi, iwapo msomaji wa zamu hakutoka upande huo. Mfiwa akisikia jina la marehemu wake likisomwa visivyo, huumia upya.

Mimi mwenyewe nilikosea mara moja, na sijasahau. Katika tangazo la maziko nilisoma Jumatano mahali palipoandikwa Jumanne, na ndugu waliotoka mbali walifika kaburi likiwa limekwisha kufukiwa. Siku iliyofuata mama mmoja mtu mzima alikuja hadi studio kwa miguu, akaomba aoneshwe daftari, akaweka kidole juu ya mstari wake na kusema, "Mwanangu, siku niliyoileta ni hii hapa." Hakupandisha sauti. Jioni ile niliomba radhi hewani kabla ya tangazo lolote, kisha nikaenda kwa wafiwa kuwapa pole na kuomba radhi ana kwa ana. Tangu hapo kila tangazo la msiba lilisomwa na watu wawili kabla ya kurushwa, hata siku ambazo tulikuwa wachache na kazi ilikuwa nyingi.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana na watu wa redio za wakulima. Mwaka 1975 George Atkins, mtangazaji wa vipindi vya kilimo kutoka Kanada, alikuwa Zambia pamoja na watangazaji wenzake kutoka nchi mbalimbali, akawauliza huwa wanawaeleza nini wakulima wao. Mmoja wao alimtajia kipindi kuhusu utunzaji wa plagi za trekta. Alipoulizwa ni wasikilizaji wangapi wenye trekta, ikabainika kuwa ni wachache mno. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyomsukuma Atkins kuanzisha, mwaka 1979, mtandao wa kuwasambazia watangazaji maandiko ya vipindi vinavyowafaa wakulima wadogo, ambao leo unaitwa Farm Radio International. Sina shaka kwamba mtangazaji yule wa plagi aliifanya kazi yake kwa uaminifu. Alichokosa ni daftari kama letu. Sisi, yalipofika matangazo matatu ya kuku waliokufa ndani ya wiki moja, hatukuhitaji mtu wa kutuambia mada ya kipindi cha ufugaji. Tulimtafuta mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Daftari hilo lilitusaidia hata katika mambo ya ufundi. Watu wengi hudhani kwamba mtambo wenye wati nyingi ndio unaofika mbali, lakini mawimbi ya FM, yaliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu kama mwanga, na mlima au upeo wa macho huyazuia. Antena iliyo mita 30 juu ya ardhi tambarare huifikia redio iliyo mita 2 kutoka chini kwa umbali wa yapata kilomita 28, na hata pale pasipo kizuizi chochote, ukitaka kuongeza umbali mara mbili kwa nguvu peke yake utahitaji wati mara nne. Ndiyo maana nawasihi wanaoanzisha kituo waweke fedha zao za kwanza kwenye mlingoti, kebo na waya wa ardhini wa kuikinga mitambo na radi. Msimu mmoja wa mvua tuliona kwamba matangazo kutoka vijiji vya mashariki yamepungua, kisha yakakatika kabisa. Hakuna aliyekuwa ametulalamikia. Watu walidhani tumefunga. Fundi alipanda mlingoti, akafungua kiungio cha kebo, na maji yakamchuruzika mkononi. Sehemu ya nguvu ilikuwa ikirudi mtamboni badala ya kutoka kwenye antena, na mtambo, kwa kujilinda, ulikuwa umejipunguzia wati.

Suala la fedha ndilo lililotugawa zaidi. Kituo cha KPFA kilichoanza kurusha matangazo huko Berkeley, Marekani, tarehe 15 Aprili 1949, kilionyesha kwamba redio inaweza kuishi kwa michango ya wasikilizaji bila matangazo ya biashara. Lakini vijijini fedha hufuata mavuno, na mtambo unahitaji umeme kila siku ya mwaka. Wafadhili hulipia mfululizo wa vipindi kuhusu mada waliyoichagua wao, na sikumbuki hata mmoja aliyewahi kulipia mbuzi waliopotea. Hivyo likaja pendekezo kwamba matangazo ya misiba yalipiwe, japo kidogo. Nilipinga, na ningepinga hata leo. Asiye na fedha hataleta tangazo, na daftari litageuka kuwa orodha ya wenye uwezo, nasi tutaendelea kuiita redio ya jamii. Baada ya vikao vitatu tulikubaliana kwamba taasisi zenye bajeti za uhamasishaji zilipe, na kaya zichangie wakati wa mavuno kwa kadiri ya uwezo wao. Waliokosa fedha walichimba mtaro wa kebo mpya, na majina yao yalisomwa pamoja na ya waliotoa fedha.

Siku hizi naambiwa kwamba makundi ya simu yameichukua kazi hiyo. Makundi yana faida zake, nami nimo katika kadhaa, lakini humfikia yule ambaye namba yake tayari mtu anayo. Mbuzi aliyepotea huokotwa na mtu usiyemjua, ng'ambo ya bonde, na huyo hayumo katika kundi lako.

Wiki niliyoondoka, daftari la 11 lilikuwa limebakiza kurasa chache. Tangazo la mwisho nililosoma lilihusu daraja lililofunikwa na maji, na aliyelileta alikuwa ameandika chini yake kwamba lisomwe mara mbili, kwa sababu wanafunzi hupita pale alfajiri. Nililisoma mara mbili, polepole, na mwishoni nikalitaja jina la daraja peke yake.